Kroatia walivyosaka ndege za kivita: F-16 mpya waliziacha, wakanunua Rafale za mtumba

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ukiibuka mjadala wa ndege za kivita humu tunaishia kubishana Su-35 na F-22 nani mbabe. Hayo ni mambo ya wakubwa. Leo tuzungumzie nchi ndogo, ambayo ikikosea kununua mara moja inalia miaka 20. Nimeichagua Kroatia kwa sababu hawa jamaa walibisha hodi kila mlango kabla ya kupata walichokipata, na mara ya kwanza waliingia mkenge mchana kweupe.

Kroatia ina watu wasiofika milioni 4. Walipojitenga na Yugoslavia mwaka 1991 hawakuwa na jeshi la anga la kuitwa jeshi. MiG-21 (ndege ya kivita ya zama za Kisovieti) ya kwanza waliletewa na rubani mtoro: Februari 1992 Danijel Borović aliondoka Bihać, Bosnia, na ndege ya jeshi la Yugoslavia akaenda kutua nayo Pula, Kroatia. Miezi michache kabla yake mwenzake, Rudolf Perešin, alikimbia na ya kwake hadi Klagenfurt, Austria, ila ile ikabaki huko huko. Nyingine zikaja kupitia njia za panya, maana Umoja wa Mataifa ulikuwa umewawekea vikwazo vya silaha.

Hizo MiG-21 walizikarabati Romania mwaka 2003. Zikachoka tena. Mwaka 2013 wakaingia mkataba na Ukraine: 7 zikarabatiwe, na 5 za mtumba ziongezwe. Bei ilikuwa ya kuchekesha. Kufika 2016 nyingi zilikuwa zinakaa ardhini kuliko angani, na wachunguzi wa jeshi walikuwa wanafuatilia asili ya zile 5, kukiwa na tuhuma kwamba ziliunganishwa kwa vipande vya ndege tofauti. Shikeni hilo.

Mwaka 2017 wakatangaza kutafuta ndege za kisasa. Kroatia tayari ilikuwa NATO tangu 2009 na Umoja wa Ulaya tangu 2013, kwa hiyo mambo ya Kirusi hayakuwa tena mezani. Machi 2018 wakachagua F-16 za Israel, 12, toleo wanaloliita Barak, kwa takriban dola milioni 500. Ndege zenyewe zilikuwa na kama miaka 30, lakini Waisraeli walikuwa wamezijaza vifaa vyao vya elektroniki na zilikuwa zimeshapigana vita vya kweli. Kwa karatasi ilikuwa dili tamu: bei nafuu na vifaa vya maana juu yake.

Tatizo likaja hapa. F-16 ni ya Marekani. Ukiuziwa na Mmarekani hupati ruhusa ya kuiuza unavyotaka. Sheria yao inasema lazima wao waridhie kila inapohama mkono. Israel ikajadiliana na Kroatia, wakakubaliana, serikali ikatangaza, na kibali cha Washington kilikuwa bado. Marekani ikataka ndege zitoke zikiwa katika hali ya awali, bila vile vifaa vya Kiisraeli. Kroatia ikasema vifaa hivyo ndivyo vilivyofanya tuzichague. Israel ikabaki katikati inajikuna kichwa. Januari 2019 dili likafa rasmi, karibu mwaka mzima umekwenda na MiG zinazidi kuzeeka.

Mwaka 2020 wakaanza upya. Safari hii zikaja ofa nne: Sweden na Gripen C/D mpya, Marekani na F-16 Block 70 mpya, Israel wakarudi na F-16 za mtumba (wana moyo), na Ufaransa na Rafale zilizotumika. Mei 2021 Waziri Mkuu Andrej Plenković akatangaza mshindi: Rafale 12 za mtumba, 10 za kiti kimoja na 2 za viti viwili, toleo la F3-R, kwa euro milioni 999. Humo ndani kuna silaha, vipuri, mafunzo ya marubani na mafundi, na huduma za miaka ya mwanzo. Mkataba ulisainiwa Zagreb, Novemba 2021, Rais Macron wa Ufaransa mwenyewe akiwepo. Ndege 6 za kwanza zilitua Zagreb Aprili 2024, na ya mwisho ikafika Aprili 2025.

Sasa mtazamo wangu. Watu humu wakisikia nchi ndogo inanunua ndege wanauliza mpya au mtumba. Mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya hiyo ndege. Rafale bodi ni la Dassault, injini ni za Safran, rada ni ya Thales, zote kampuni za Kifaransa, na ndege zenyewe zilitoka kwenye vikosi vya jeshi la anga la Ufaransa. Muuzaji, mtengenezaji na mtoa kibali wote wako chini ya serikali moja. Waziri wa Kroatia alikaa na mtu mmoja, akasaini na mtu mmoja, na hakukuwa na wa tatu wa kutokea dirishani kusema hapana.

Nasubiri kusikia mnaonaje. Wa kutukana pitieni mbali.

#2

Nimeweka kambi hapa. Wajuzi wakija mniamshe.

#3

Mkuu uzi mzuri, ila nakupinga. Euro karibu bilioni moja kwa kitu kilichotumika? Bulgaria, ambao wako kundi moja la kiuchumi na Kroatia, walinunua F-16 Block 70 mpya, zimetoka kiwandani. Bodi la Block 70 limetengenezwa liruke saa 12,000, wakati F-16 za zamani zilipangiwa 8,000. Hapo una ndege ya miaka 40. Na F-16 ziko kila kona ya dunia, kipuri hukosi hata ukiamshwa usiku wa manane. Rafale ukiondoa Ufaransa yenyewe wateja wake unawahesabu.

Mtumba ni mtumba tu. Baada ya miaka 15 Kroatia watarudi sokoni, na bei zitakuwa zimepaa.

#4 (Mleta uzi)

Mkuu wa #3, umeitaja Bulgaria mwenyewe, sasa tuingie humo humo.

Mwaka 2019 Bulgaria walisaini ndege 8 kwa dola bilioni 1.256. Nane. Gawanya kwanza, halafu ugawanye za Kroatia, uone kila moja imebeba kiasi gani (najua vifurushi havifanani, silaha na mafunzo vinatofautiana, lakini pengo hilo si la kufumbia macho). Na fedha hizo walizilipa kwa mkupuo, mapema. Rais wao wa wakati huo Rumen Radev, ambaye aliwahi kuwa mkuu wa jeshi la anga na ni rubani wa MiG-29, aliupinga mkataba kwa kura ya turufu. Bunge likampita.

Kilichofuata? Ndege zilitakiwa kuanza kufika 2023. Korona ikavuruga kiwanda, tarehe zikasogea, na F-16 ya kwanza ilitua kituo chao cha Graf Ignatievo Aprili 2025. Kwa hiyo mwezi ule ule Bulgaria wanapokea ya kwanza, Kroatia wanapokea ya mwisho, wakati Kroatia walisaini miaka miwili na ushee baadaye. Muda wote huo Wabulgaria walikuwa wanabembeleza MiG-29 za Kirusi, injini wanazitafuta huku na huko.

Ukinunua mpya unanunua na foleni. Nchi ndogo ikiagiza 8 haipewi kipaumbele na kiwanda chenye wateja wakubwa.

Hilo la miaka 15 nakupa nusu. Rafale za Kroatia zilikuwa na wastani wa kama miaka 10 zilipouzwa, hazijachoka. Lakini ni kweli hazitafika umri wa mpya.

#5

Nimefanya kazi ya ufundi wa ndege, za abiria siyo za vita, lakini kanuni hazitofautiani sana. Niongeze kidogo.

Ndege haipimwi kwa mwaka wa kuzaliwa. Inapimwa kwa saa ilizoruka, mara ilizotua, na mizigo iliyobebeshwa. Ya kivita ina la ziada: kila ikikata kona kali, mabawa na mgongo vinapokea uzito mara nyingi kuliko wake wenyewe. Ndege mbili za mwaka mmoja, moja ilikuwa ya kulinda anga inapaa na kushuka kistaarabu, nyingine ilikuwa ya kufundishia marubani wanaojifunza kupigana, hizo si za kulinganisha. Ya pili imeumia ndani hata kama rangi inang'aa.

Ndiyo maana kitabu cha ndege ni sehemu ya ndege. Kila kifaa kikubwa kina namba yake, kiliwekwa lini, kilitolewa lini, kimebakiza saa ngapi. Kitabu kikiwa na pengo, fundi makini hasaini. Na hapo ndipo lile sakata la MiG za Ukraine linaponigusa. Ukiwa na namba za bodi zisizoeleweka huna ndege, una chuma. Ni kama gari la mnadani lililorudishwa kilomita nyuma, tofauti ni kwamba hili likizima huwezi kuliegesha pembeni ya barabara.

Mtumba wa kutoka jeshi la nchi iliyopangika, vitabu vimekamilika, ndege bado zilikuwa kazini hadi juzi, mimi ningezichukua bila kusita kuliko "mpya" ambayo mafundi wangu hawajawahi kuigusa.

Jambo moja mleta uzi hujaligusa: Rafale ina injini mbili. F-16 na Gripen zina moja. Injini mbili ni usalama kwa rubani, na ni gharama mara mbili kwa karakana. Kroatia kwenye bajeti ya kila mwaka watalisikia hilo, tena kwa uchungu. Bei ya kununua ndiyo inayotangazwa kwenye magazeti. Ya kuirusha hukaa kwenye makabati.

#6

Mimi swali langu ni la mtu wa kawaida. Nchi ya watu milioni 4, iko NATO, imezungukwa na marafiki, hizo ndege za nini? Slovenia ni jirani yao, hawana ndege za kivita kabisa, anga lao linalindwa na Italia na Hungaria. Estonia, Latvia na Lithuania tangu 2004 wenzao wa NATO wanapokezana zamu ya kuwalindia. Mbona hawajafa? Euro bilioni moja ni hospitali ngapi hizo?

#7 (Mleta uzi)

Dada/kaka wa #6, hoja yako nzito na huko kwao ilisemwa sana.

Kroatia wenyewe walionja maisha ya Slovenia kwa muda: MiG-21 zilipostaafishwa mwisho wa 2024 na Rafale hazijawa tayari kushika zamu, majirani wa NATO, yaani Hungaria na Italia, ndio waliosaidia kulinda anga. Kwa hiyo inawezekana.

Lakini angalia historia yao. Hawa walipigana vita ya kujitenga miaka ya 90 huku anga likiwa la adui. Perešin yule yule aliyekimbilia Austria alirudi kwao kuwarukia, akafa Mei 1995 ndege yake ilipotunguliwa. Nchi yenye kumbukumbu hiyo ukiiambia ikabidhi anga kwa jirani, hata jirani mwema, unaongea na ukuta. Na Serbia mpakani kwao inarusha MiG-29, na Agosti 2024 nao wakasaini kununua Rafale 12, mpya.

Halafu kuna tukio la Machi 2022. Ndege isiyo na rubani ya zama za Kisovieti, Tu-141, ilitoka upande wa vita vya Ukraine, ikapita Romania na Hungaria, ikaja kuanguka Zagreb, mji mkuu, karibu na mabweni ya wanafunzi. Nchi tatu za NATO, hakuna aliyeizuia. Baada ya hapo wa kuuliza "ndege za nini" walipungua sauti.

#8

Waserbia nao Rafale 🤣🤣 Mfaransa kauza panga kwa wote wawili. Huyu ndiye mfanyabiashara.

#9

Mada hii ilete nyumbani kidogo, maana tuna mifano yetu.

Kenya walinunua F-5 mpya kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 70. Miaka ya 2000 wakaongeza za mtumba kutoka Jordan. Ununuzi ule ulizua maswali hadi bungeni, watu wakihoji thamani na hali ya ndege. Lakini tazama walichofanya kiakili: walinunua aina ile ile waliyokuwa nayo. Mafundi wanaijua, marubani wanaijua, na hata ndege isiyoruka inageuka kuwa duka la vipuri. Mwaka 2011 walipoingia Somalia F-5 hizo zilikwenda kazini.

Botswana hivyo hivyo, mwaka 1996 walichukua F-5 zilizotumika Kanada, na zimekuwa uti wa mgongo wao tangu hapo.

Uganda wakapita njia nyingine: Su-30MK2 sita, mpya, kutoka Urusi, mwaka 2011, gharama ikitajwa kuwa dola milioni 740 pamoja na silaha. Ndege ya kutisha, hakuna ubishi. Lakini toka 2022 kiwanda cha Mrusi kina vita yake ya kulisha. Mwenye ndege sita anasimama wapi kwenye foleni ya vipuri?

Kwa hiyo kauli ya mleta uzi kuhusu mwenye kibali naikubali, na naongeza: hata F-5 za Jordan zilikuwa chini ya sheria ile ile ya Marekani. Ila pale hakuna aliyekuwa na kinyongo na kifaa kilichofungwa ndani.

#10

Mkuu wa #5 umegusa injini. Hapa Bongo si tulishuhudia? Airbus A220 za ATCL (Air Tanzania) zilikuja mpya kabisa, zikaja kukaa chini kwa tatizo la injini za Pratt & Whitney, tatizo la dunia nzima. Mpya nayo haina bima.

#11

Kuna mtu anijibu: kwa nini hawakuchukua Gripen? Ndege ya Wasweden ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi ndogo. Inatua hata barabarani, inahudumiwa na askari wachache, inakula mafuta kidogo. Hungaria jirani yao wanayo, Czech wanayo, na walianza kwa kukodisha 14 kila mmoja. Ingekuwa mpya, tena majirani wanashirikiana mafundi.

#12 (Mleta uzi)

Mkuu wa #11, binafsi Gripen ndiyo niliyoipenda mwanzoni. Kwa karakana ndogo hakuna ndege rafiki kama ile.

Lakini fungua tumbo lake. Injini ya Gripen C/D, RM12, imetokana na F404 ya General Electric. Kwa hiyo na yenyewe ina mlango wa Washington. Kwa Msweden mlango huo huwa wazi, sitaki kutia chumvi. Ila kwa serikali iliyotoka kuaibishwa mwaka 2019 kwa kukosa kibali, nadhani kila karatasi yenye jina la mtu wa tatu ilikuwa inanuka. Pia C/D ilikuwa toleo ambalo Wasweden wenyewe walikuwa wanahama kuelekea E. Rafale F3-R ilikuwa toleo lile lile Wafaransa walilokuwa wanalitumia wakati huo.

#13

Mleta uzi unaipamba sana nadharia yako ya kibali. Romania wamenunua F-16 za mtumba, za Kimarekani, na hawakupata shida yoyote. Walianza na 12 za Ureno, za kwanza zikafika 2016, wakaongeza 5. Novemba 2022 wakasaini 32 za Norway kwa euro milioni 388. Thelathini na mbili! Kwa fedha hizo Kroatia wasingepata hata nusu ya walichochukua. Mei 2023 wakastaafisha MiG-21 zao wakiwa na mpango unaoeleweka.

Kama hesabu ndiyo hoja, Romania ndio wajanja wa uzi huu.

#14 (Mleta uzi)

Hapo umenibana vizuri, na sikatai: Romania ndiyo mtumba uliofanywa kwa akili kuliko wote hapo Ulaya Mashariki. Ila soma walivyofanya. Zile za Ureno na Norway hazikuwa na vifaa vya nchi ya tatu vya kumkera Mmarekani. Zilikuwa zimeboreshwa kwa mpango ambao Marekani yenyewe ilikuwemo. Na Waromania walikwenda Washington mapema, Marekani ikawa upande wa huduma na vipuri tangu mwanzo. Yaani walianza na mwenye kibali wakamalizia na muuzaji. Kroatia 2018 walianza na muuzaji.

Bei nayo usiisome peke yake. Ndege za Norway zimetumika tangu miaka ya 80. Romania wanasema wazi ni daraja la kuwafikisha kwenye F-35, ndege ya kisasa zaidi ya Marekani, na Novemba 2024 wakasaini 32 za hizo. Nchi ya watu milioni 19 inaweza kununua daraja kisha ikanunua na nyumba ya upande wa pili. Kroatia wana nafasi moja tu ya kununua kwa kizazi hiki.

#15

Kwa hiyo 12 zinatosha?

#16

Nimjibu wa #15 kabla mleta uzi hajaja na insha 😄

Chukua 12. Zilizo kwenye matengenezo makubwa, weka 2 au 3. Zinazosubiri kifaa, weka moja, ukiwa na bahati. Mbili lazima ziwe tayari usiku na mchana, makombora yamefungwa, marubani wamevaa, simu ikilia wanapaa. Nyuma yake unahitaji ya akiba, maana ndege huzima asubuhi bila taarifa. Unabaki na tano au sita za kufundishia marubani, na hao wasiporuka saa za kutosha kila mwaka wanapoteza makali. Ikianguka moja, zamu inaanza kukukaba.

Kwa kulinda anga wakati wa amani zinatosha, tena bila mbwembwe. Kwa vita, hapana, na wao wanajua, ndiyo maana wako NATO.

#17 (Mleta uzi)

Wa #16 umemaliza, mimi sina la kuongeza kwenye hesabu hiyo.

Ila kwa yule wa #3 aliyesema watarudi sokoni baada ya miaka 15: wameshaanza kuzungumza na Wafaransa kuzipandisha hizo Rafale kwenda toleo la F4. Kwa hiyo lile bili la euro milioni 999 lilikuwa la kuingilia mlangoni. Nikipata bei ya huo uboreshaji nitaiweka hapa, na naomba tusisubiri hadi hapo ndipo tuanze kuuliza nani analipa.